Video ya Cody Lambeth

Nadine Oberholt alikuwa amekaa katika ofisi ya udahili ya Chuo cha Ellery muda wa kutosha kujua kwamba mwombaji hapendwi. Mwombaji anasomwa, anaandikiwa maoni, anapigiwa kura, kisha linafunguliwa faili la mwingine. Ukianza kuwapenda utalia kila mwezi wa Machi, barua za majibu zinapotoka. Nadine aliwafundisha hivyo wafanyakazi wapya, na yeye mwenyewe aliishi hivyo, mpaka alipokutana na Cody Lambeth.

Alimkuta Oktoba, mashariki mwa Kentucky, kwenye shule iliyobanwa kati ya mlima na mto. Kila majani yanapogeuka rangi Nadine huacha baridi ya Vermont akashuka huko kukinadi chuo chake. Siku hiyo walikuja wanafunzi wachache, na wengi wao walifuata biskuti alizoweka mezani. Walipokwisha kutawanyika alibaki kijana mmoja, mrefu, mwembamba, anakunja viti na kuviegemeza ukutani bila kuambiwa na mtu.

"Samahani, mama," alisema. "Huko kwenu, mtu anayesomea madaraja anaanza kujenga lini? Au mpaka amalize kwanza hesabu zote?"

"Mwaka wa kwanza mnajenga vidogo vidogo, vya mbao. Halafu mnavivunja."

"Mnavivunja tena? Kwa nini, mama?"

"Mpate kuona vimeanzia wapi kuvunjika."

Kijana akacheka. "Basi mngekuja huku kwetu. Huu mto unatuvunjia bure."

Insha yake ilipofika, Nadine aliisoma akiwa amesimama. Ilieleza jinsi mafuriko yalivyolibeba daraja la kijitoni kwao, na jinsi yeye na mjomba wake walivyookota vyuma vya reli iliyokufa wakamjengea bibi yake kivuko cha kwendea kanisani. Hakujisifu. Nusu ya insha ilikuwa juu ya makosa ya kivuko chenyewe: kilivyopinda mvua ya kwanza, na alivyolala macho akiisikiliza mvua huku bibi akikoroma. Nadine alimpa alama ya juu kabisa. Bwana Gerald Whitcombe, mkuu wa udahili, mzee mpole aliyekuwa anakaribia kustaafu, naye alimpa hiyohiyo.

Mwanzoni mwa Machi ofisi ilipokea barua pepe isiyo na jina la mtumaji. Ilikuwa na mstari mmoja: *Mnamjua mnayetaka kumchukua? Mtazameni.* Chini yake iliambatanishwa video.

Kamati ya udahili iliitazama pamoja katika chumba cha mikutano, kahawa zikiwapoa mikononi. Cody alikuwa bado mtoto, labda miaka kumi na mitano, nje ya ukumbi wa michezo wa shule. Alikuwa anatembea magoti yakigongana, mkono mmoja ameukunja kifuani, ameuachia mdomo wazi, mguu anauburuta kwenye zege. Vijana waliokaa ukutani walipiga makofi. Mtu aliyeshika simu alikuwa anacheka mpaka anakaribia kupaliwa, na katikati ya kicheko sauti yake ilisikika ikipayuka: "Tena! Tena! Mguu wa kushoto uburute zaidi!" Cody akauburuta zaidi. Video ikaishia hapo.



"Sisi hatupekui kurasa za watoto," Gerald alianza. "Huo ndio msimamo wetu, mnaujua. Lakini hiki tumeletewa. Siwezi kujifanya sikukiona."

"Tumeletewa na nani?" Nadine aliuliza. "Asiye na jina. Anaweza kuwa mzazi wa mtoto anayeitaka nafasi hiyohiyo."

"Hata angetuletea shetani, kilichomo ni kilekile," alisema Tobin Marsh, kijana mwenzao wa ofisini.

"Alikuwa na miaka kumi na mitano, Tobin. Wewe umri huo ulikuwa malaika?"

"Sikuwa malaika, dada. Lakini nina binamu yangu anatembea hivyo. Nimekua naye, nimemfunga kamba za viatu. Shuleni walikuwa wanamfuata nyuma wakimwigiza, hivyohivyo unavyoona, na hakosi mmoja wa kucheka. Alikuwa akifika nyumbani anajifungia chooni. Kwa hiyo usiniambie mambo ya utoto."

Nadine alijua Tobin hasemi uongo. Alimgeukia Gerald. "Basi tumuulize. Tumpigie simu mtoto wa watu ajieleze."

"Haiwezekani. Wanasheria walishatuambia. Mwombaji hahojiwi kwa kitu ambacho hakukileta mwenyewe."

"Kwa hiyo kumhukumu nacho tunaweza, kumuuliza ndiyo hatuwezi?"

Gerald alivua miwani akasugua macho. "Ukiisema hivyo inasikika vibaya."

"Inasikika ilivyo."

"We Nadine," akadakia mhadhiri wa hesabu aliyekuwa mjumbe wa kamati, "huyu kijana umemzaa wewe?" Watu wakacheka kidogo, wakifurahi kupata cha kucheka. Kisha wakapiga kura kama Cody achukuliwe. Mkono wa Nadine ulikuwa juu peke yake, na aliuacha juu hata baada ya Gerald kumwambia taratibu kwamba ameshauona.

Majibu yalitoka mwishoni mwa mwezi. Siku chache baadaye simu ya mezani kwake ililia.

"Mama Oberholt? Ni Cody Lambeth, wa Kentucky. Sikupigii kulalamika, mama. Nataka tu kujua nimeanzia wapi kuvunjika. Nikajirekebishe."

Nadine alikuwa na karatasi ya maneno yanayoruhusiwa, lakini hakuihitaji. Aliyajua kwa kichwa. "Mwaka huu waombaji walikuwa wengi mno, Cody, na wazuri mno."

"Ndiyo, mama. Ni hesabu zangu?"

"Hesabu zako ni nzuri."

"Insha? Bibi alisema nimeandika sana habari za kukoroma kwake."

"Insha yako ni nzuri sana. Nimeisoma mara nyingi."

"Basi ni nini, mama?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi kwa kuwa hujui, au huwezi tu?"

"Siwezi tu."

"Ndiyo, mama. Asante kwa kunipa nafasi."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Ile adabu ilimwingia Nadine mwilini kama baridi, akashindwa kufanya kazi siku nzima. Ndipo akaamua kumpigia Bi Dorcas Pruitt, mshauri wa wanafunzi wa shule ile, angalau amsaidie kumtafutia Cody chuo kingine ambacho hakijafunga milango.

"Vingine aliomba viwili, na havina ufadhili wa kumtosha," alisema Bi Dorcas, na sauti yake haikuwa ya urafiki. "Nilimwambia mimi. Nilimwambia, mwanangu, ukitaka hao watu wa kaskazini wakuone, andika habari za Wade. Akakataa katakata."

"Wade ni nani?"

"Mdogo wake. Ana mtindio wa ubongo toka kuzaliwa. Cody ndiye anayempandisha mgongoni ngazi za shule, lifti yetu ni mbovu miaka yote. Lakini kumwandika, hataki. Akaniambia, 'Wade si tiketi yangu, Bi Pruitt.' Basi kaandika kivuko."

Nadine akaisogeza simu karibu na sikio. "Huyo Wade anatembeaje?"

"Swali gani hilo? Anatembea. Anaburuta mguu wa kushoto. Na mdomo wake sasa! Shule nzima haina mchekeshaji kama yule. Kutwa kumlazimisha kaka yake amwigize, eti anataka kujiona anavyopendeza akipita. Anamrekodi na kisimu chake, anaweka mtandaoni, anacheka mwenyewe mpaka anaanguka. Kwa nini unauliza?"

"Nilitaka kujua tu," Nadine alisema, na hakukumbuka baadaye walivyoagana.

Alikwenda moja kwa moja kwa Gerald, akamweleza yote bila kukaa. Mzee aliinuka akafunga mlango. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Umemwambia huyo mama habari za video?"

"Sijamwambia."

"Afadhali."

"Afadhali nini, Gerald? Aliyekuwa anacheka ndiye mwenye mwendo ule! Tumemkataa mtoto kwa mchezo anaocheza na mdogo wake."

"Nakuamini," Gerald alisema. "Nakuamini kabisa, na hilo ndilo linaloniumiza. Lakini nafasi zimejaa, Nadine, na fungu la ufadhili limekwisha gawanywa. Na tukimwita leo, tutamwambia tulimkataa kwa lipi? Kesho kila tuliyemkataa atataka kujua tuliona nini kwenye ukurasa wake. Rais wa chuo hatakubali."

"Tumuulize."

Walimuuliza. Tobin alipoambiwa alikaa chini, akasema, "Lakini mimi niliona…" akashindwa kumaliza, akachukua koti lake akatoka nje kwenye theluji iliyokuwa inayeyuka. Asubuhi yake alikuja na barua aliyoiandika mwenyewe kwenda kwa rais wa chuo, ndefu, imejaa habari za binamu yake, na akaomba Nadine aweke sahihi chini ya yake. Jibu lilikuja kwa heshima zote. Rais aliguswa. Rais aliona kwamba utaratibu ulifuatwa. Rais aliagiza iundwe kamati ya kutazama kama mitandao ya kijamii iwe sehemu ya udahili, nayo itoe mapendekezo yake wakati wake.

Mwezi wa Mei, kutoka kwa Bi Dorcas, Nadine alipata habari kwamba Cody ameanza kazi kwenye karakana ya matairi, na kwamba atasoma jioni katika chuo cha wilaya jirani, ambako somo la madaraja halipo. Alimtumia majina ya wafadhili. Wawili walikuwa wamekwisha funga maombi.

Kisha, mchana mmoja wa jua, simu ya mezani ikalia tena.

"Mama Oberholt? Mimi Wade Lambeth. Mdogo wake Cody." Maneno yalikuja polepole, moja moja, yakijikokota. "Nivumilie, mama. Ulimi wangu na miguu yangu ni ukoo mmoja." Akacheka, na kicheko kile Nadine alikitambua papo hapo. Akashika ukingo wa meza.

"Nakusikiliza, Wade. Usiwe na haraka."

"Sijawahi kuwa nayo. Sikiliza, mama. Cody anasema hatawauliza tena, asije akawasumbua. Mimi si Cody. Kuna dada mmoja kanisani kwetu anasema siku hizi vyuo vinapekua watu mtandaoni. Kweli?"

"Sisi hatupekui," Nadine alisema. Hilo angalau liliruhusiwa.

"Lakini mnaona."

Nadine akaitazama ile karatasi ya maneno yanayoruhusiwa.

"Mimi nina ukurasa. Nimeweka mle upuuzi mwingi wa Cody. Mimi ndiye namtuma, mama, yeye hataki, mpaka nimtishie nitamsemea kwa bibi. Jana nimefuta yote. Nimemdanganya Cody simu imeharibika. Sasa nataka uniambie kitu kimoja tu. Ni video yangu?"

Nadine alifungua kinywa aseme hapana. Lilikuwa neno jepesi, nalo lingempa kijana usingizi. Lakini kabla halijatoka alimwona Gerald akifunga mlango, akayaona maneno ya karatasini, wala ndiyo wala hapana, na akajiuliza kama ana haki ya kumdanganya mtoto huyu juu ya yote waliyokwisha kumfanyia. Alipopata la kusema, muda ulikuwa umepita, na Wade alikuwa amesikia ukimya wote.

"Aa," Wade alisema. "Basi."

"Wade, nisikilize. Si kosa lako."

"Sijauliza kama ni kosa langu, mama. Nimeuliza kama ni video yangu."

Nadine alifumba macho. Upande wa pili alisikia pumzi, na mbali kidogo redio ya mtu, na mbwa.

"Mama?"

"Nipo."

"Nikija je? Kuna basi linatoka Lexington, nimeliangalia. Nitabadilisha njiani, watu hunisaidia. Nije nitembee mbele ya hao wakubwa, waone wenyewe ndivyo ninavyotembea. Niwaambie yule anayeigizwa ni mimi. Nitawachekesha mpaka wamchukue."

"Hapana, Wade. Usije."

"Hawatanisikiliza?"

"Watakusikiliza vizuri sana," Nadine alisema. "Lakini hawatabadilisha kitu. Nimejaribu. Nimejaribu kwa kila mtu."



"Ndiyo, mama," alisema mwishowe, kama kaka yake. "Usimwambie Cody kama nimepiga."

"Sitamwambia."

"Asije akajua ni mimi. Atasema hajali. Halafu atakuwa anajali, na mimi nitamwona."

"Sitamwambia, Wade. Nakuahidi."

Simu ikakatwa. Nadine alibaki ameishika. Huko nje wanafunzi walikuwa wamelala kwenye nyasi, wamevua viatu, mitihani imekwisha. Alifikiria kumpigia tena. Akaanza hata kubonyeza namba, akaacha, kwa kuwa hakujua angemwambia nini ambacho hakikuwamo kwenye ile karatasi.

Tobin akachungulia mlangoni. "Dada, wazazi wa wanafunzi wapya wamekwisha kaa ukumbini. Wanakungoja wewe." Akamtazama vizuri. "Nani huyo alikuwa?"

"Mtu wa Kentucky."

Tobin alisimama pale kana kwamba atauliza zaidi, kisha akainamisha kichwa. Nadine akarudisha simu mahali pake, akajipangusa uso kwa kiganja, akachukua hotuba yake ya makaribisho, wakafuatana kwenda ukumbini.