Kamera Mbili za Mzee Charles

Kwa miaka ishirini na mitatu Charles ndiye aliyekuwa mpiga picha wa Kibakwe. Picha za pasipoti za watoto wanaoanza sekondari, harusi, kipaimara, vikundi vya akina mama waliotaka picha ya kubandika ukutani, zote zilipita mikononi mwake. Simu zilipoingia zilimpunguzia kazi lakini hazikuimaliza. Watu bado walitaka picha ya karatasi, na Charles alikwenda kuzisafishia Mpwapwa, akazirudisha kila moja ndani ya bahasha yenye jina la mwenyewe.

Kamera yake ilikuwa ndogo ya mfukoni, rangi ya fedha, aina ile ambayo ukiiwasha lenzi inajitokeza yenyewe na ukiizima inarudi ndani. Haikuwa na kitundu cha kuchungulia. Unaishika mbele ya uso, unaangalia skrini ya nyuma, unabonyeza. Aliipenda kwa sababu haikuwa na mambo mengi.

Mambo yaliharibika siku ya kipaimara. Watoto arobaini na wawili walipita mbele ya askofu, na picha ziliporudi kutoka Mpwapwa, kumi na moja zilikuwa zimekata vichwa na nyingine zilikuwa na ukungu kama zimepigwa kwenye moshi. Wazazi hawakugomba. Walipokea bahasha, wakashukuru, wakaenda nazo. Lakini harusi mbili zilizofuata zilipigwa picha na mtu kutoka nje, na hakuna aliyemwambia Charles kwa nini. Mkewe, Evodia, ndiye aliyempigia simu binti yao.

Devota, mtoto wao wa pekee, alikuwa mtunza kumbukumbu katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma, na alikuwa amepanga nyumba Ipagala. Alimwita baba yake, akampeleka kwa daktari wa macho. Ikaonekana ni presha ya macho, ya muda mrefu. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa linajifunga kutoka pembeni kuja katikati, hata Charles akawa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alimpa dawa ya matone, akasema itachelewesha tu, haitarudisha kilichopotea. Devota alipouliza itachelewesha kwa muda gani, akajibiwa mwaka mmoja, pengine na nusu.

Charles alisikiliza yote hayo akiwa ameshika kofia yake. Walipotoka nje alimwambia binti yake kuwa anataka kamera nyingine ndogo kama ile ile, mpya, kwa sababu skrini ya ile ya zamani imefifia. Devota hakubishana naye. Alimpeleka dukani kwa Fahadi.

Fahadi aliuza kamera katikati ya mji, nyingi zikiwa zimetumika. Ukoo wake ulikuwa wa biashara tangu enzi za misafara, babu wa babu yake akiwa muuza nguo, na yeye mwenyewe alikuwa na subira ya mtu aliyekulia nyuma ya kaunta. Alimwamkia Charles shikamoo, akamwekea kiti, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka kamera mbili mezani.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, mpya, ndugu kabisa wa ile ya Charles. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito kiasi, na lenzi yake ilifungwa na kufunguliwa kwa mkono. Fahadi alieleza kuwa kamera kubwa za zamani zilikuwa na kioo ndani kinachoruka kila unapobonyeza. Hii haina kioo hicho, na ndiyo maana wapiga picha wa mjini wanaiita mirrorless. Ukichungulia kwenye kitundu chake unakuta skrini ndogo sana inayong'aa, na unavyoona pale ndivyo picha itakavyokuwa. Unaweza kuongeza mwanga wake. Unaweza kuzungusha gurudumu dogo pembeni ili ilingane na jicho lako. Na yenyewe inatafuta jicho la unayempiga na kulishika.

Hakuficha kasoro zake. Alisema betri yake inaisha haraka, kwa hiyo siku ya harusi lazima uwe nazo tatu. Vumbi la Dodoma likiingia wakati wa kubadili lenzi, madoa yanatokea kwenye kila picha. Na haiingii mfukoni. Ile ndogo unaitia kwenye shati, unapanda pikipiki, unakwenda zako.

Charles alisema anataka ndogo. Fahadi akamwomba kwanza azijaribu zote mbili pale mlangoni, juani.

Alianza na ile ndogo. Jua la saa sita lilipiga skrini, akaona weupe mtupu. Akaiinamia, akaikinga kwa kiganja, bado weupe. Akapewa ya pili, akaweka jicho la kushoto kwenye kitundu, naye Fahadi akalizungusha lile gurudumu polepole. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mwanamke anayeuza zabibu kwenye beseni. Charles alisimama na kamera usoni kwa muda mrefu, hata wapita njia wakawa wanamzunguka. Alikuwa anaziona zabibu mojamoja. Aliona mwanamke yule ana pete, na pete ina jiwe jekundu.

"Naona," alisema.

Devota alilazimika kugeuka na kujifanya anatazama mikoba ya kamera.

Aliporudi Kibakwe na ile nyeusi, Charles alikuwa kama mtu aliyetoka safari ndefu. Kila asubuhi alikaa nje na kamera usoni, akitazama vilima, vitunguu shambani, kuku, mlango wa kanisa. Si kila mara alibonyeza. Mara nyingi alitazama tu, mpaka betri inaisha. Alipata kazi ya harusi moja, akaifanya vizuri, na watu wakasema Charles amerudi.

Mtu mmoja tu alikataa kupigwa. Evodia kila alipoona lenzi inamgeukia alisema hajachana nywele, au ana unga mikononi, au ngoja akavae vizuri, kisha asirudi. Charles alidhani anaona haya kwa kuwa amezeeka. Naye alitamani sana kumwona. Kwa miaka miwili uso wa mkewe ulikuwa kwake kivuli chenye sauti.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, joto likiwa limezidi kuliko kawaida ya kule milimani, Evodia alikaa nyuma ya nyumba akibangua karanga. Alijua mumewe amelala. Alikuwa ameuvua mtandio aliozoea kujifunga shingoni siku zote na kuutundika kwenye kamba. Charles alitoka, akasikia karanga zinaanguka kwenye ungo, akasimama mlangoni na kunyanyua kamera. Ilimtafuta mkewe yenyewe. Kiboksi kidogo kikakaa juu ya jicho la Evodia, na Charles akaukuza uso ule hadi ukajaza kitundu chote.

Alikuwa amekonda. Hilo ndilo la kwanza. Mashavu yalikuwa yameingia ndani na ngozi chini ya macho ilikuwa nyeusi. Charles alishuka na kamera taratibu, kama mtu anayemsalimia kwa macho, akapita kidevu, akafika kooni, na hapo akasimama. Upande wa kushoto, juu kidogo ya mfupa wa bega, palikuwa na uvimbe mkubwa kama yai la njiwa.

Alibonyeza bila kukusudia. Evodia akasikia mlio, akageuka, mkono wake ukaenda shingoni.

"Mama Devota, una nini hapo?"

Hakukana. Alimtazama yule mwanamume aliyesimama na kamera kifuani.

"Umeona," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, wakati wa palizi. Ulikuwa mdogo kama punje ya mahindi."

"Na hukuniambia."

"Wewe ulikuwa unapoteza macho, baba Devota. Nikileta na langu, yule mtoto angebeba lipi?"

Charles alikwenda akakaa chini kando ya ungo. Alinyoosha mkono, akamgusa pale. Palikuwa pagumu na hapakusogea. Ndipo alipofahamu kwa nini kwa mwaka mzima mkewe alilala upande wa ukutani, na kwa nini kila alipotaka kumshika bega alishikwa yeye mkono na kupelekwa kwingine. Alikuwa amedhani anaongozwa kwa sababu haoni.

Kesho yake walipanda basi la kwanza. Hospitalini Mpwapwa waliandikiwa kwenda Dodoma, na Dodoma vipimo vikachukua siku tisa. Ilikuwa saratani, na uvimbe wa shingoni ulikuwa mtoto tu, mama yake alikuwa tumboni. Daktari aliuliza ulianza lini hasa, na Evodia, ambaye kwa mumewe alisema mwaka jana, kwa daktari alisema miezi miwili.

Devota akataka kujua ukweli, kwa njia ya kazi yake. Alichukua memori kadi ya ile kamera ndogo ya fedha, akaiweka kwenye kompyuta pale Ipagala, akazipitia picha zote ambazo baba yake alikuwa amezipiga nyumbani. Krismasi, mama na mtandio. Pasaka, mama na mtandio. Siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani, katikati ya kiangazi, mtandio. Akarudi nyuma hadi akapata moja ya mwezi wa tatu mwaka uliopita, mama akiwa shambani, shingo wazi. Akaikuza. Kamera ile haikuwa na uwezo wa kukuzwa kiasi kile. Shingo ya mama ilivunjika vipande, ikawa miraba ya kahawia na myeusi, na katikati ya miraba hiyo palikuwa na doa ambalo lingeweza kuwa uvimbe na lingeweza kuwa kivuli cha kidevu. Alilitazama jioni nzima. Siku iliyofuata alimpelekea daktari. Daktari alilitazama kwa heshima, kisha akamwambia kwa upole kwamba jibu lolote halitabadilisha kitu sasa. Hapakuwa na cha kukata.

Charles alipoambiwa habari ya mitandio alisema jambo ambalo Devota hakuweza kumwondolea moyoni.

"Nilimpiga picha mwaka mzima," alisema. "Kazi yangu ni kutazama watu. Nikatazama mtandio."

Evodia hakutaka kukaa mjini. Walimrudisha Kibakwe, na Devota akaomba likizo, akaongeza nyingine isiyo na malipo. Sasa Evodia hakukimbia tena kamera. Alikaa alipoambiwa akae, akageuza uso panapotoka mwanga, wakati mwingine akamkemea mumewe kuwa anamchelewesha. Charles alimpiga akinywa uji, akipanga kuni, akicheka na Devota jambo ambalo yeye hakulisikia. Kadiri wiki zilivyopita alilazimika kuongeza mwanga wa kitundu, kila mara kidogo zaidi, hadi kiwango kikafika mwisho. Evodia alikuwa anapungua, na jicho lililokuwa linamtazama nalo lilikuwa linajifunga. Wote wawili walijua.

Mwezi wa pili, siku ya mvua, Charles alikaa kando ya kitanda na kamera usoni, akimtafuta. Kiboksi kilihangaika, kikashika, kikaachia. Evodia alinyoosha mkono uliokuwa mwepesi kama kijiti, akaisukuma kamera chini.

"Inatosha," alisema. "Iweke, unishike."

Aliiweka sakafuni. Tangu siku hiyo hakuipandisha tena mbele yake. Alimshika mkono kwa siku kumi na moja. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili Devota alipoingia na chai alimkuta baba yake ameketi vile vile, na mkono wa mama yake ukiwa umeshapoa ndani ya mkono wake. Charles alisema ameondoka kabla kuku hawajatoka bandani, na kwamba hakutaka kumwita mtu upesi.

Walimzika mlimani, kwenye makaburi ya parokia. Kufikia mwezi wa sita Charles hakuona tena kitu ila tofauti ya mchana na giza, na Devota akamhamishia Ipagala. Alijifunza nyumba kwa mikono. Alikula vizuri na hakulalamika, na hilo lilimtisha Devota kuliko kama angelalamika.

Jioni moja baada ya kazi Devota alifungua kompyuta, akamuuliza kama angependa amsomee picha za mama. Charles akakubali kwa kichwa. Devota akaanza kumweleza moja baada ya nyingine, nguo, mahali, mwanga. Alipofika kwenye moja akasema mama amekaa kwenye kigoda, nyuma yake kuna ukuta wa jikoni, anatabasamu.

"Siku ile hakutabasamu," Charles alisema.

"Anatabasamu, baba. Meno yanaonekana."

"Alikuwa ananiuliza kama mbuzi amefungwa."

Devota alisogea karibu na skrini. Midomo ya mama ilikuwa wazi kweli, na macho yalikuwa yanatazama pembeni, kule zizini. Charles alieleza kwamba aliposema amefungwa, Evodia hakuamini, akainuka mwenyewe kwenda kutazama huku akishikilia ukuta, akapumzika mara mbili njiani, na kwamba yeye alimfuata kwa kitundu hadi akazunguka nyumba. Picha ya pili hakuipiga. Alitaka tu kumwona anavyotembea.

Devota alisukuma kompyuta pembeni. Alimwomba aendelee, amweleze mama alivaa nini miguuni, na mbuzi alikuwa amefungwa au la.

"Hakuwa amefungwa," alisema Charles, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akaanza kulia.