Raili Alivyomwita Mkwewe Saunani

Tangu Diem aolewe Ufini, kila Jumamosi, siku ya familia kuingia sauna, alikuwa na udhuru. Mara kichwa, mara yuko mwezini, mara vyombo havijaoshwa. Kukaa uchi na mama mkwe ndani ya chumba cha mvuke wa moto, kwao mjini Hue jambo hilo hata halitamkwi. Na Raili, mama wa mumewe, hakuwahi kumlazimisha. Ndiyo maana Diem alishtuka siku alipomsikia akimwambia mwanawe, "Tapani, nenda kwa mjomba wako. Ukirudi kabla ya chakula, utanikoma."

Kisha akamgeukia yeye. "Leo unaingia na mimi. Wawili tu."

"Mama, kichwa kina..."

"Kichwa gani hicho cha Jumamosi tu? Chukua taulo."

Diem alimfuata hadi ukingoni mwa ziwa, kilipo kibanda cha sauna. Miaka mitatu ya ndoa, mtoto hakuna. Bila shaka anataka kunikagua kama ng'ombe wa mnadani, aliwaza. Au anataka kunifukuza, na hataki shahidi.

Ndani alijifunga taulo hadi kifuani, akakaa benchi la chini, karibu na mlango. Raili, uchi kama alivyozaliwa, akayamwagia maji mawe ya moto yaliyo juu ya jiko. Mvuke ukamchoma Diem masikio.

"Panda juu. Huko chini wanakaa watoto."

"Hapa panatosha, Mama."

"Unaniogopa?"

"Hapana."

"Mwongo wewe. Mbona umeshikilia mlango?"

Kweli alikuwa ameushikilia. Raili akashuka, akamsogelea. Haya sasa, Diem akawaza, akalibana taulo. Lakini mama mkwe aliushika mkono wake na kuupeleka kwenye titi lake mwenyewe, upande wa kwapani.

"Kwenu ulikuwa muuguzi. Hiki ni nini?"

Chini ya ngozi palikuwa na kitu kigumu kama harage. Diem alikisukuma kwa kidole, hakikusogea.

"Umekigundua lini?"

"Theluji ilikuwa haijayeyuka, miezi kadhaa sasa."

"Tapani anajua?"

"Tapani atalia, halafu nianze kumbembeleza yeye. Sina nguvu hizo. Na mezani mdomo haufunguki, hapa ndipo ninapoweza kusema. Nimekungoja Jumamosi baada ya Jumamosi, na wewe na kichwa chako!"

Taulo lilimvuka, hakulijali. Alipapasa titi la pili, akapapasa makwapa, taratibu, kama alivyofundishwa.

"Jumatatu tunakwenda hospitali. Ukikataa, namwambia mwanao."

"Kumbe mkali hivi!"

"Mama, sitanii."

"Najua," Raili alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka.

Ilikuwa saratani. Baada ya upasuaji, daktari aliwaambia haikuwa imesambaa, ingawa wangefika mapema zaidi ingekuwa afadhali. Raili hajawahi kumkumbusha Diem maneno hayo. Diem hajayasahau.