Uzi wa Upande wa Kushoto

Kipande cha mbao kilianguka tena. Bwana Taratibu alikisikia kikigonga sakafu ya kabini, naye akiwa chali chini ya lori, spana mkononi, mafuta ya breki yakimchuruzika hadi kiwikoni. Alikuwa amekibana kati ya kiti na pedali ili kimkanyagie breki wakati yeye akifungua skrubu ya kutolea hewa. Lakini skrubu ikilegea pedali huzama, na mbao haina akili ya kuifuata. Huanguka, pedali hurudi juu, na hewa yote iliyotoka hurejea ndani kama mwenye nyumba.

"Huna maana wewe," alikiambia. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

Kazi nyingine zote alizifanya peke yake. Alizing'oa ngoma za breki za magurudumu ya mbele, zile za chuma zilizokuwa zikilowa mvua zikasahau kazi yake, akafunga diski mpya zinazong'aa pamoja na kalipa za kuzibana. Ni ngoma hizo zilizompa jina. Watani walisema kwamba ili asimame sokoni, ilimbidi aanze kukanyaga breki akiwa bado nyumbani. Yeye alicheka nao. Binti yake ndiye hakucheka.

"Uza hilo gari, Baba, litakuua," alimwambia walipokwisha kumzika mama yake, akiwa anafunga mizigo arudi mjini anakofanya kazi.

"Wewe ndiye unayeondoka," alimjibu. "Gari lipo."

Binti alibeba begi lake, akaondoka. Simu zake zikawa fupi, kisha za nadra, kisha zikakoma. Kila Bwana Taratibu aliposhika simu kumwomba radhi, ulimi ulimwia mzito. Ndipo akaamua kubadilisha breki. Alidhani siku moja atafika mlangoni kwa mwanawe, asimame papo hapo, na hilo litamsemea.

Hakukumbuka kwamba mtu mmoja hawezi kutoa hewa kwenye breki. Angekumbukaje, na mguu wa kumkanyagia ulikuwapo miaka yote? Mkewe hakujua kuendesha hata baiskeli, ila pedali ya lori lile aliijua kuliko dereva yeyote. Alikuwa akipanda kabini na ungo wa mchele wa kuchambua, nao wakiitikiana mpaka kazi iishe: Kanyaga. Nimekanyaga. Achia. Nimeachia. Kulikuwa na siku walizoamka wamenuniana, na hayo yakawa ndiyo maneno pekee waliyoambiana mpaka jioni. Yalitosha.

Alijikokota kutoka chini ya gari, akajifuta mikono, akapiga simu.

"Baba? Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimebadilisha breki. Sina wa kunikanyagia."

Upande wa pili alisikia kurasa zikifunuliwa.

"Kesho nina nafasi," binti alisema.

Alikuja na begi dogo. Bwana Taratibu aliliona begi kabla hajamtazama mwenyewe usoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Karibu."

Binti akapanda kabini, baba akaingia chini ya lori. Walifanya kazi mpaka jua likawa kali. Akikanyaga, pedali ilizama tu.

"Kama nakanyaga mto wa kulalia, Baba."

"Rudia."

Alirudia, na hali ikawa ileile. Bwana Taratibu alianza kuogopa. Sasa ataondoka, aliwaza, akijua lori bado halisimami, na safari hii hatakuwa na sababu ya kurudi. Akasikia mlango ukifunguliwa. Binti alishuka, akachuchumaa kando ya gurudumu.

"Uzi uko wapi?"

"Uzi gani?"

"Wa Mama. Si alikuwa anafunga uzi mwekundu kila kifaa cha kushoto? Mimi ndiye nilikuwa namkatia."

Bwana Taratibu aliitazama kalipa. Skrubu ya hewa ilikuwa imeelekea chini. Kalipa ya kushoto ameifunga kulia, ya kulia kushoto, na hewa imejikalia juu wakati yeye anaifungulia mlango wa chini. Maisha yake yote hakuwahi kuuliza kipi ni cha upande gani. Alinyoosha mkono tu, akapewa.

"Nilifunga peke yangu," alisema. Kisha, bila kumtazama: "Yale maneno niliyokwambia siku ile, mwanangu..."

"Lete spana, Baba."

Walizibadilisha kalipa pande. Kabla baba hajakaza, binti alichomoa uzi kwenye pindo la shali yake, akaufunga kwenye kalipa ya kushoto. Ulikuwa wa bluu.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Sauti ilishuka kutoka kabini bila haraka, ikiburuta mwisho wa neno, vilevile alivyoburuta mama yake. Bwana Taratibu alifumba macho kidogo. Gurudumu baada ya gurudumu, mapovu yalitoka, yakapungua, kisha yakaja mafuta matupu. Alikaza skrubu ya mwisho. Kazi ilikuwa imekwisha, limebaki neno moja tu la kusema: Achia. Kutoka pale chini aliliona begi dogo likiwa limeegemea ukuta, halijafunguliwa.

"Imekuwa ngumu kama jiwe, Baba. Niachie?"

Alilala akiutazama ule uzi wa bluu, spana ikiwa imelegea mkononi.

"Bado," alisema. "Shikilia hapo hapo kidogo."

"Nimeshikilia."