Asiguse Kiti cha Gari

Makubaliano yalifanyika jikoni kwa Fundi, mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti cha cherehani na mwanawe amesimama mlangoni kama mtu aliyetumwa kukagua nyumba. Kijana huyo alikuwa mfamasia mjini, ana mke mwema na nyumba ya ghorofa, na tangu mama yake ateleze kwenye kigoda akitundika pazia na kuvunjika nyonga, alikuwa amemfanya mama huyo yai. Fundi akitaka kupika, ataungua. Akitaka kushuka ngazi, ataanguka. Sasa alikuwa amekuja na uamuzi kamili: mama ahamie kwake, chumba kiko tayari, cherehani itafutiwe nafasi stoo.

Stoo! Kwenye cherehani ile Fundi alikuwa ameshona sare za shule na magauni ya maharusi hadi mtaa mzima ukamwita Fundi na kusahau jina alilopewa na wazazi wake. Alijua fika kwamba akitenganishwa nayo, kitakachobaki ni kukaa dirishani kutazama magari ya watu.

"Nyonga yangu imepona," akasema.

"Imepona ya kwenda sokoni, mama. Ukianguka tena nani atakuokota?"

Hapo wifi yake Fundi akashusha kikombe. Wifi huyu, dada wa marehemu mumewe, alikuwa tarishi mstaafu. Maisha yake yote ya kazi alisambaza barua kwa baiskeli, ndiyo maana watu walimwita Posta. Ni yeye aliyemfundisha Fundi kuendesha baiskeli, baada ya daktari kusema kwamba kukanyaga pedali kutaipa nyonga nguvu.

"We mtoto, nisikilize," Posta akasema. "Mama yako atayazunguka maziwa yote matatu kwa baiskeli. Anaanzia gatini, anamalizia gatini, na mimi nitakuwa naye. Akimaliza, habari ya kuhama tusiisikie tena. Akipanda gari njiani, hata kwa kunyoosha mguu tu, anafunga virago siku hiyohiyo."

Mfamasia alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Shangazi, hayo maziwa hata vijana yanawatoa jasho."

"Kwani unaogopa atamaliza?"

Swali hilo lilimkalia vibaya. Akakubali shingo upande, kwa sharti kwamba atawafuata nyuma na gari. Fundi naye akaweka lake ili pasiwe na ubishi baadaye: kusukuma baiskeli ruksa, kukaa majanini ruksa, kulia ruksa, ila makalio yasiguse kiti cha gari.

Wiki hiyo akashona suruali za safari, yake na ya wifi yake. Makalioni akatia sponji. Ya Posta akaipunguza miguuni kama mwenyewe alivyotaka, lakini ya kwake akaiachia pindo pana kwa ndani, kitambaa cha kushushwa siku za usoni, kama alivyozoea kuwaachia watoto wa shule.

"Wifi, pindo lote hili la nini?" Posta akauliza. "Unategemea kurefuka?"

"Kitambaa kizuri hakikatwi ovyo."

"Haya bwana. Ukifika futi sita utaniambia."

Ziwa la kwanza lilikuwa la kubembeleza. Njia ilikuwa tambarare, matete upande mmoja na malisho upande mwingine, na bata maji waliruka kila Posta alipogonga kengele, kwa hiyo akawa anaigonga bila sababu. Gari lilijikokota nyuma yao, dirisha wazi. Mama, kunywa maji. Mama, mbele kuna shimo. Mama, mbona unahema hivyo?

"Leo tumetoka na redio," Posta akasema, "na haina swichi."

Fundi alicheka hadi usukani ukayumba, na redio ikapaza sauti.

Ziwa la pili halikuwa na mzaha. Upepo uliwapiga usoni kutwa nzima, vilima vikapokezana, na walipofika nyumba ya wageni Fundi alishuka kwenye baiskeli vipande vipande. Posta alimkanda nyonga kwa taulo la moto, hana utani hata kidogo, na hilo peke yake lilimtia Fundi hofu. Asubuhi walipotoka, mfamasia alikuwa ameufungua mlango wa gari akauacha wazi. Hakusema neno. Fundi alitamani angalau angesema, wapate kugombana. Alijikaza kisabuni, akapita kando ya mlango ule akisukuma baiskeli.

Kati ya ziwa la pili na la tatu kuna mlima mmoja mrefu, barabara inauzunguka polepole na kila kona inakudanganya kwamba ndiyo ya mwisho. Fundi alikuwa akiupanda kwa gia ndogo kabisa alipohisi mguu wa kulia unavutwa. Nyuzi za pindo zilikuwa zimelika kwa kusuguana na mnyororo, pindo likateremka lote, na mnyororo ukalila. Magurudumu yakagoma. Fundi, baiskeli na suruali vikalala majanini kwa pamoja.

Mwanawe alifika na mkoba wa dawa kabla Posta hajageuza baiskeli yake. Akampapasa nyonga, magoti, viwiko. Hakuna kilichovunjika, ila akarudia kupapasa tangu mwanzo.

"Mama, basi. Umejitahidi. Twende garini."

Fundi aliutazama mlango. Kile kiti alikivisha kitambaa yeye mwenyewe, laini, cha maua madogo, na alijua kingempokea vizuri kiasi gani. Mguu ulimuuma. Kwa muda mfupi, na aibu ikimchoma, alikitaka kiti kile kuliko nyumba yake.

"Nilipokukuta sakafuni siku ile nilikuita hukuitika," mwanawe akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani umekufa. Mpaka leo simu yangu ikiita najua ni hiyo habari."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Miezi yote ile alikuwa akimpa amri tu, na Fundi alikuwa akizipokea kama dharau. Akamshika shavu kwa mkono uliojaa grisi.

"Pole, mwanangu. Nilikutisha. Lakini sikufa, na wewe unanizika kidogo kidogo. Humo kwenye mkoba wako mna mkasi?"

"Wa bandeji."

"Nipe."

Akakata. Alikata pindo lililoliwa, kisha akahamia mguu wa pili ambao haukuwa na kosa lolote, akakata nao, upande huku umepanda huku umeshuka, bila chaki wala futi ya kupimia. Posta alisimama mdomo wazi.

"Wifi, wewe? Kitambaa kizuri?"

"Nimeshaacha kurefuka. Zungusha pedali kinyumenyume, nichomoe hili."

Kitambaa kilitoka kimechanika na cheusi tii. Mnyororo ukarudishwa mahali pake. Sehemu kubwa ya mlima iliyobaki Fundi aliisukuma baiskeli kwa miguu, akichechemea, lakini kileleni alipanda tena, na chini yake ziwa la tatu likafunguka lote kwa mara moja, jeupe kwa jua, na upande wa pili, mbali, gati. Alipiga kelele. Hakujua kwamba bado anazo kelele za namna ile.

Kufika ufukweni wakakuta mvua imekula kipande cha barabara. Wenyeji walikuwa wametandika mbao juu ya maji, mtu anapita, baiskeli inapita, gari halipiti. Mfamasia alisimama mbele ya zile mbao, mikono kiunoni, akizitazama kama zimemtukana.

"Itabidi nizungukie barabara kuu," akasema. "Mama, nisubirini hapa, nitafute..."

"Tutakutana gatini," Fundi akasema.

Mwanawe akachukua chupa ya maji, akaifunga kwenye keria ya mama yake, akaivuta kamba mara mbili kuhakikisha imeshika, na akarudi kwenye gari.

Kwa mara ya kwanza tangu waondoke hapakuwa na sauti nyuma yao. Fundi alisikia magurudumu yakila changarawe, vyura, na pumzi yake mwenyewe inayoingia na kutoka bila kuhojiwa na mtu. Alikuwa na furaha, wala haikuwa na sababu ya kufichwa. Alikanyaga. Halafu upepo wa ziwani ukaamka, na akagundua kwamba pumzi anayoisikia ikikoroma si yake. Ni ya Posta.

"Nyuma yangu, wifi. Jifiche mgongoni."

"Mimi? Mimi niliyekufundisha breki iko wapi?"

"Wewe huyohuyo. Jifiche."

Posta akajificha. Fundi akainama juu ya usukani, akaupokea upepo wote kifuani, akamkingia mwalimu wake kona baada ya kona, mpaka wavuvi waliokuwa wakianika nyavu wakaanza kupiga miluzi na kuwashangilia wanawake wawili watu wazima, mmoja na suruali iliyokatwa kihuni, wakipita kwa kasi kama wamekimbia shule.

Mfamasia alikuwa ameshafika. Alisimama gatini, mikono kichwani, na alipomwona mama yake ametangulia mbele, macho yakamtoka pima, kisha yakajaa machozi. Fundi hakupunguza mwendo mpaka gurudumu la mbele lilipogonga ubao wa kwanza wa gati. Posta akagonga kengele, safari hii akiwa na sababu.

"Umeshinda, mama," mwanawe akasema. Alilia waziwazi mbele ya wavuvi, wala hakujifuta.

"Nimeshinda," Fundi akasema.

Akaiegemeza baiskeli kwenye nguzo. Akatembea polepole hadi kwenye gari, akaukataa mkono wa mwanawe, akafungua mlango mwenyewe, na akajitupa juu ya kiti cha maua kwa uzito wake wote. Akanyoosha miguu na kuguna kwa raha.

"Haya, dereva," akasema. "Nipeleke nyumbani."

Mfamasia akawasha gari, akampeleka kwenye cherehani yake.