Nyaya za Mkaguzi

Jumatano, tarehe tisa ya mwezi wa sita, saa saba na robo mchana, lori langu lilikataa kuwaka. Majirani walikuwa kazini, wa kunisukumia hakuna. Mke wangu, niliyekuwa nimkimbize hospitali, akafia kwenye kiti cha mbele, mkoba wa hospitali umo mapajani mwake.

Siku mbili kabla, mkaguzi wa magari alilizuia lile lori. Akasema nyaya zake nene za betri zimepitwa na wakati, akaamuru karakana ya serikali izing'oe na kuweka nyembamba, kama za magari mengine. Mimi darasa la nne sikulimaliza. Ningembishiaje mwenye mhuri? Walipomaliza, waliliwasha kwa kulisukuma. Nikadhani betri imechoka tu. Kosa hilo ni langu, sikatai.

Miezi minane lori likakaa mbele ya nyumba. Shemeji yangu mchomeleaji, kaka wa marehemu, hakukanyaga tena kwangu. Aliwaambia watu kuwa dada yake ameuawa na ubahili wangu wa kung'ang'ania mkweche. Kisha ikaja barua: Ijumaa saa nne litavutwa likayeyushwe, maana ni gari bovu.

Bovu, kwa maneno yao!

Betri nikaichajisha, ikashika chaji vizuri. Stata, ile mota ya kuwashia injini, nikaifungua juu ya meza ya chakula, pale ambapo mama watoto asingeniruhusu kuweka hata spana. Nzima. Nikairudisha, nikabonyeza swichi bila kuachia. Ikaguna kama siku ile, ikanyamaza. Nikashika waya wa betri, ukaniunguza vidole.

Hapo ndipo nilipoelewa. Lori hili ni la volti sita, si kumi na mbili kama magari ya leo. Msukumo wake ni mdogo, kwa hiyo stata haizunguki mpaka ipate umeme mwingi, na umeme mwingi unataka njia pana. Mkaguzi alikuwa amemwambia tembo apite kwenye tundu la panya.

Nikaenda kwa shemeji kuomba mita tatu za waya wa mashine ya kuchomelea, ule mnene kama kidole gumba. Hakuniangalia. Nikamwonyesha malengelenge.

"Njoo uguse mwenyewe, shemeji. Ukishagusa, nitukane."

Akaja, nikabonyeza swichi, akagusa waya, akapuliza vidole. Hakunitukana. Alikata waya wa mashine yake mwenyewe, kisha tukakwangua rangi na kutu kwenye chesisi, pale waya wa pili wa betri unapofungwa, mpaka chuma kikang'aa, tukafunga nyaya nene.

Ijumaa mkaguzi akaja na gari la kuvuta magari mabovu. "Mzee, hilo limekushinda. Sogea."

"Mwenye nguvu mpishe," nikamjibu. "Leo pisha wewe."

Nikabonyeza. Stata ikazunguka polepole, kwa sauti nzito, injini ikashika. Moshi ukamfunika yeye na mafaili yake. Dereva aliyekuja naye akacheka mpaka akalalia usukani.

Shemeji akapanda kiti kile cha mbele, nyaya nyembamba zimo mapajani mwake. Tukaenda mpaka ofisini kwao, nikaliegesha mlangoni bila kulizima. Wakatoka karani, msaidizi, hata mkubwa wao. Nikazimwaga zile nyaya mezani na kuuliza swali ambalo hadi leo, kila Jumatano, narudi kuwauliza, lori likinguruma nje:

"Nani alitia saini hizi zifungwe, na alijua volti sita ni nini?"