Kitambaa Cheupe Langoni

Mashine ya kusaga matawi ilikuwa na sharti moja, na Verlene Pruitt alikuwa amelivunja. Matawi hupangwa kando ya barabara, upande uliokatwa ukitazama barabara, ili vijana wa mashine washike shina na kulisukuma ndani moja kwa moja. Verlene, mwenye miaka sabini na mitatu na kichwa kigumu kuliko umri huo, alipanga ya kwake kinyume: majani barabarani, mashina uani. Lundo lenyewe lilikuwa refu kama malori mawili.

"Hili hatuliwezi, mama," alisema Marisela, msimamizi wa kikosi cha mashine, akijifuta jasho kwa kofia. "Tukianza kulichambua tutalala hapa. Tunakwenda nyumba za juu, saa sita tunarudi. Tukikuta limegeuzwa, tunalisaga. Tukikuta bado, ni mwakani."

"Mwakani nitakuwa majivu."

"Ndiyo maana nakwambia geuza, mama."

Mashine ilipanda kilimani mara moja kwa mwaka, mwezi wa tano, kabla nyasi hazijakauka na msimu wa moto kuanza. Na lundo la mireteni likaukalo kando ya barabara pekee ya kutokea ni baya kuliko mireteni iliyosimama. Ule mti una mafuta yanayoshika moto upesi. Verlene alilijua hilo, ndiyo maana hatimaye alikubali vijana wa kukodi waukate ua wa mireteni uliotenganisha nyumba yake na ya Orrin Dahlke, ingawa roho ilimuuma.

Ua ule aliuacha ukue makusudi. Miaka sita nyuma, moto ulipovuka bonde na watu wote wakaamriwa kuhama, Orrin alipita na gari lake langoni kwa Verlene bila kugonga mlango. Aliyekuja kumtoa ni mzima moto aliyesikia sauti yake akipita, moshi ukiwa umeshaingia jikoni. Upepo uligeuka, nyumba zote mbili zikasalimika, lakini Verlene hakusahau. Watu husema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Yeye ndugu zake walikuwa mbali, na jirani ndiye huyo. Basi akaacha kupogoa, ua ukapanda mpaka madirishani, akawa hamwoni Orrin hata kwa bahati mbaya. Tatizo ni kwamba siku hizi masikio yake yalikuwa yanakufa, na swali moja halikumwacha alale: moto ukirudi, nani atakuja kumgongea?

Alivaa glavu, akaanza kugeuza. Tawi la kwanza likaenda. La pili likamkwaruza shavu. Kufika la tano mgongo ulikuwa umeshatoa ilani. Ndipo Orrin alipotokea pale palipokuwa na ua, mrefu, amekonda, na glavu zake mkononi.

"Hivi ndivyo unavyopanga matawi? Wewe ungeweza kumlisha farasi mkiani."

"Sikukuita."

"Najua. Likibaki hapa, mimi ndiye nitakayeshindwa kupita. Shika huko."

Wakashika. Walifanya kazi kimya, kila mmoja akivuta upande wake, na lazima isemwe kwamba walielewana vizuri kuliko walivyotaka. Nusu ya lundo ilipogeuka, Verlene aliketi juu ya kisiki. Akalitoa la moyoni.

"Ulinipita, Orrin."

Orrin hakujifanya hajaelewa. "Langoni kwako kulikuwa na kitambaa cheupe."

Pale kilimani hata mtoto alijua maana yake. Anayehama hufunga kitambaa cheupe langoni, ili wazima moto wasipoteze muda kwenye nyumba tupu. Hakuna anayekifunga akiwa bado ndani. Verlene alifungua kinywa amkatalie, kisha akaiona akilini mikono yake mwenyewe siku ile ikifunga kile kitambaa cha kufutia vyombo, chenye mistari ya buluu pembeni. Alikifunga mapema asije akasahau, maana kwenye zoezi la kuhama la mwaka ule alisahau na wakamcheka mkutanoni. Halafu akarudi ndani kumtafuta Biskuti, paka wake. Alimtafuta karibu saa nzima.

"Nilikifunga mimi," alisema. Uso ulimwaka kwa aibu. "Miaka sita nimekununia kwa kitambaa changu mwenyewe."

Orrin angeweza kunyamaza hapo. Alikuwa ameshashinda. Lakini aliliangusha tawi chini, akavua glavu.

"Paka wako alikuwa barazani," alisema. "Kwenye kiti chako. Nilimwona, Verlene. Nilijua huwezi kumwacha paka yule hata dunia iwe inaisha. Nikajiambia, kitambaa kipo. Nikakanyaga mafuta."

"Barazani?"

"Amekaa kama mwenye nyumba."

"Na mimi nilikuwa chini ya kitanda namwita!" Verlene aliinuka kwenye kisiki kwa hasira. "Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Ungenisamehe?"

Alifikiri kwa haki kabisa. "Hapana."

"Haya. Shika huko, saa sita inakaribia."

Saa sita mashine ilirudi, ikanguruma, ikameza ule ua wote kwa nusu saa. Marisela aliwaambia vibanzi wavitandaze mbali na kuta, visiguse nyumba, kisha akashuka na watu wake.

Jioni, jua likiwa bado juu ya misonobari, Verlene alikuwa chumbani akikunja nguo alipodhani kasikia kitu. Alikwenda jikoni, akamkuta Orrin nje ya mlango, ngumi hewani.

"Kuna nini?"

"Hakuna. Najaribu tu kama unasikia ukiwa huko nyuma. Nimegonga mara nne."

"Nimesikia moja."

Orrin akatikisa kichwa. Verlene alimtazama kidogo, akageuka, akatungua ufunguo wa akiba kwenye msumari kando ya jokofu, akamtia mkononi.

"Ukiona kitambaa, usikiamini," alisema. "Ingia."