Maneno Kumi na Mawili ya Mkwe

Kwa miaka thelathini na miwili Mwalimu alifundisha Kiswahili, na mtu wa kwanza kumwambia usoni kwamba Kiswahili hakilipi alikuwa mkwewe mwenyewe. Alimwambia hata kabla hajamwoa binti yake, tena akiwa kwenye kochi la Mwalimu, anakunywa chai ya Mwalimu. Leo mkwe huyo huyo alikuwa amekaa kwenye ncha ya kochi lile lile, magoti yamebanana, akimwomba Mwalimu amweleze maana ya neno "meza".

Ngoja tuanze vizuri, maana ujinga nao una mpangilio wake.

Mkwe alikuwa muuza matairi, na muuza matairi mzuri tu, mpaka siku alipozigundua sarafu za kidijitali. Kuanzia hapo akaacha kuongea kama watu. Ukimwuliza watoto hawajambo, anakujibu soko limeshuka. Majirani wakamwita Mwekezaji kwa kumkejeli, naye akalipokea jina kama cheo. Alichokipenda zaidi katika biashara hiyo, alisema, ni kwamba haina mwenyewe. Hakuna benki, hakuna meneja, hakuna foleni, hakuna mtu wa kati anayekukata chake. Watu wanauziana wenyewe kwa wenyewe, simu kwa simu.

Mtu mwenye akili angesikiliza, angetikisa kichwa, angeendelea na chai yake. Mwalimu akili alikuwa nazo, ila alikuwa na shida pia. Mwenye nyumba wake alikuwa anaiuza ile nyumba aliyopanga miaka kumi na tisa, vyumba viwili, sebule na jiko, na kwa heshima alimpa yeye nafasi ya kwanza, miezi minne. Kiinua mgongo chake kilifika robo tatu ya bei. Hiyo robo iliyobaki ndiyo iliyomponza. Mkwe akasema miezi mitatu inatosha kuipata. Binti akasema, "Mama, mwamini." Na Mwalimu, aliyewakata watoto wa watu maksi miaka nenda rudi kwa kutosoma swali mpaka mwisho, akatoa kiinua mgongo chote.

Na kweli kilipanda, tusimsingizie mtu. Mkwe akawa anakuja kila Jumapili kumwonyesha namba. Kisha akazitoa sarafu kwenye soko la mtandaoni alikozinunulia, eti soko likifungwa na hela zinafungiwa ndani, akazitia kwenye pochi yake mwenyewe ndani ya simu. Ufunguo wa pochi hiyo ni maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Simu ikiharibika, unayaingiza kwenye simu nyingine kwa mpangilio wake, na mali inarudi. Maneno yakipotea, ndiyo basi tena.

Simu ikatumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Haya, ikaletwa simu ya binti. Maneno yako wapi? Hapo ndipo mtu unapotamani kuvua kiatu. Mwekezaji, kwa ujanja wake wote, alikuwa ameogopa wezi. Akakaa chini akayatafsiri maneno yote kumi na mawili kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, wezi wa mtandaoni hawajui Kiswahili. Kisha ile karatasi ya Kiingereza akaichoma moto.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Ijumaa asubuhi mwenye nyumba alikuwa anakuja kuchukua hela au kuleta mnunuzi mwingine.

"Mama," mkwe alisema, macho kwenye zulia, "hili la tano. Hii 'meza' ni ya kulia chakula, au ni kumeza?"

"Si uliandika wewe?"

"Nimesahau."

Mwalimu akavaa miwani. Binti alikuwa amechapisha kazini kwake orodha ya maneno yote yanayotumika kufungulia pochi za namna hiyo, yapata elfu mbili, na kila neno la Kiswahili lilipaswa kuwa na mwenzake mle. Mwalimu akafungua kamusi, akachukua kalamu nyekundu, akaanza kazi. "Nyanya" likawa la sokoni, kwa kuwa bibi wa mtu hayumo kwenye orodha. "Chungu" likawa la dawa, si la sisimizi. Msumari haukuwamo kabisa, kwa hiyo akachukua kilicho karibu nao, kitu chenye ncha, akasonga mbele. Kwa muda wa saa mbili, na hili alilionea aibu baadaye, alifurahi. Kiswahili kisicholipa kilikuwa kimeshika roho ya muuza matairi, naye alijikunyata kama mwanafunzi wa nyuma.

Yakabaki matatu yenye maana mbili mbili, zote zimo kwenye orodha. Meza. Mto, wa maji au wa kochi. Paa, la nyumba au la kuruka juu. Mwalimu akaandika njia zote nane, na binti akaziingiza moja moja.

Simu ikakataa mara nane.

Mwalimu akairudia karatasi tangu juu. Akaweka kidole kwenye neno la tisa.

"Mkwe, huu msumari uliutoa wapi?"

"Lilikuwemo, Mama."

"Kiingereza chake kilikuwa kinaandikwaje?"

"Kilikuwa kirefu kidogo."

"Ulikuwa unajua maana yake?"

Mkwe akakuna goti. Akamtazama mkewe, na mkewe hakumtazama.

"Nilikisia, Mama."

"Hilo tu?"

"Na mengine kama manne hivi. Matano. Lakini nilikisia kwa akili."

Mwalimu akavua miwani. Kila maana ya kila neno aliloletewa alikuwa anaijua, na zile ambazo hakuzijua zilikuwa kwenye kamusi. Lakini kamusi ya yaliyopita kichwani mwa huyu bwana siku ile haijachapishwa popote. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwuma. Alimchukia mkwe, akajichukia mwenyewe zaidi, kwa kuwa yeye alisoma, na kusoma kote kule hakukumzuia kumpa nyumba yake mtu anayeona haya kufungua kamusi.

"Labda tuwaandikie wahusika," mkwe alisema kwa sauti ndogo.

"Wahusika gani?" binti akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza mchana ule.

Mwalimu akainuka. Akaenda kwenye droo, akatoa futi ya kupimia nguo, akapima kabati la vitabu, urefu na upana. Akaingia chumbani, akapima kitanda. Aliporudi alikuwa ameandika namba zote pembeni mwa ile karatasi ya maneno, kwa kalamu nyekundu.

"Mama, unafanya nini?" binti aliuliza.

Mwalimu akamgeukia mkwe, kwa sauti ya upole kabisa.

"Kile chumba chako cha mbele, unachokaa na kompyuta yako. Kina upana gani?"

Mkwe akameza mate. "Kwa kweli, Mama, sijawahi kukipima."

"Basi kisia, baba," Mwalimu akasema. "Kisia kwa akili."